Kutoka Kuchorwa hadi Kuchorana: Sura ya Mtu Mwenye Ulemavu ni Mali ya Nani?

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Kauli hii imerudiwa katika tahakiki nyingi kiasi kwamba ni nadra kumpata msomaji anayeuliza swali dogo linalofuata: kioo hicho kimeshikwa na nani, na kinammulika nani? Mtu anayejitazama katika kioo chake mwenyewe huugeuza uso atakavyo, hupangusa jasho, hutengeneza kilemba chake, na akichoka huondoka. Mtu anayemulikwa na kioo kilichoshikwa na mwingine hana hiari hiyo. Huonekana kwa upande uliochaguliwa na mshikaji, kwa muda uliopangwa na mshikaji, na mbele ya watazamaji walioalikwa na mshikaji.

Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia tawi moja la sanaa ambalo halizungumzwi sana katika idara za Kiswahili, yaani uchoraji wa picha za sura za watu, hususan watu wenye ulemavu na wale wanaougua maradhi ya akili. Hoja kuu ni kwamba picha ya mtu wa makundi haya huwa ya haki pale tu yeye mwenyewe anapokuwa na kauli katika uundaji wake. Hoja ya pili, inayotokana na ya kwanza, ni kwamba wajibu huo haumhusu mwenye brashi peke yake. Unamhusu pia mwenye kalamu: mtunzi anayeumba mhusika kipofu, mtafiti anayerekodi nyimbo za mama mgonjwa, na mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu wazimu katika riwaya.

Kwa ajili ya mjadala huu, anayechora ataitwa mchoraji, na anayechorwa ataitwa mchorwa. Uteuzi huu wa istilahi una sababu. Katika sarufi ya Kiswahili, kitenzi 'chora' hunyambulika kwa urahisi: mtu huchora, huchorwa, huchorewa, na watu wawili huchorana. Historia ya picha za walemavu na wagonjwa wa akili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kauli ya kutendwa. Kinachopiganiwa hapa ni kauli ya kutendana.

Sura Zisizo na Majina

Mfano mmoja mashuhuri unatoka Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1820, mchoraji Théodore Géricault alichora picha za wagonjwa wa akili ambazo kwa kawaida huhusishwa na daktari Étienne-Jean Georget, mmoja wa wataalamu wa maradhi hayo mjini Paris. Inasemekana kwamba zilikuwa kumi, na tano kati yake ndizo ambazo zimefahamika kwa muda mrefu. Wahakiki wa sanaa wamezisifu kwa utu wake, na sifa hiyo si ya bure. Géricault hakuwachora wagonjwa wakiwa wamefungwa minyororo wala wakitoa mapovu. Aliwachora kama alivyochora watu wa heshima, mavazi yao ya kawaida mwilini, nyuso zao zimetulia katika mwanga.

Hata hivyo, mtazamaji akisoma vibandiko vya picha hizo hukutana na jambo la kushangaza. Mmoja ametajwa kwa wazimu wa husuda, wa pili kwa wazimu wa kamari, wa tatu kwa wazimu wa wizi, wa nne kwa wazimu wa kuiba watoto, na wa tano kwa wazimu wa kujiona amiri jeshi. Maradhi yana majina, watu hawana. Karibu miaka 200 baadaye, mama mwenye husuda anatazamwa na maelfu ya watu jijini Lyon bila mtazamaji hata mmoja kujua aliitwa nani, alizaa watoto wangapi, au alilionaje lile pambo jeupe la kichwani lililochorwa kwa ustadi mkubwa. Huruma ya mchoraji ilimfikisha hadi kwenye uso wa mchorwa, lakini haikumpa mchorwa kinywa.

Miongo mitatu baadaye, mashine ilichukua nafasi ya brashi. Huko Uingereza, Daktari Hugh Welch Diamond, aliyewasimamia wagonjwa wa kike katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey, alianza kuwapiga picha wagonjwa wake. Mnamo 1856 aliwasilisha makala kuhusu kazi hiyo mbele ya Royal Society ya London. Alitaja faida tatu: picha zingehifadhi dalili za ugonjwa kwa ajili ya wataalamu, zingesaidia kumtambua mgonjwa aliyerejeshwa hospitalini, na zingeweza kumsaidia mgonjwa mwenyewe kwa kumwonyesha sura yake. Faida ya tatu inavutia, kwa kuwa ndani yake mna mbegu ya mazungumzo: mgonjwa anatazama picha yake, ana la kusema. Lakini mbegu hiyo haikuachwa imee. Alichokisema mgonjwa kilihesabiwa kuwa dalili nyingine ya ugonjwa wake.

Mgonjwa naye aliwahi kuishika brashi. Vincent van Gogh, baada ya kujijeruhi sikio mwezi Desemba 1888, alitibiwa katika mji wa Arles na daktari kijana aliyeitwa Félix Rey. Mwezi Januari 1889 alimchora daktari huyo na kumpa picha kuwa shukrani. Inasimuliwa kwamba Rey hakuipenda, na kwamba kwa miaka kadhaa ilitumiwa nyumbani kwao kuziba tundu la banda la kuku kabla haijathaminiwa. Leo imo katika jumba la makumbusho la Pushkin, Moscow. Kisa hiki huchekesha, lakini kina funzo zito. Daktari alikuwa na haki ya kuichukia picha yake, na haki hiyo haikutiliwa shaka na yeyote. Wagonjwa wa Géricault hawakuwa na banda la kuku la kuziba.

Mathari na Picha ya Maneno

Mtu anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu, yasiyomhusu Mkenya. Dhana hiyo haina mashiko. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni 1910, ilikuwa chini ya usimamizi wa daktari wa kikoloni J. C. Carothers katika miaka iliyotangulia 1950. Baadaye daktari huyo alichora picha kubwa kuliko zote, ingawa hakutumia rangi. Katika kitabu chake kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mnamo 1953, alijaribu kuieleza akili ya Mwafrika kwa jumla. Alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu ambaye sehemu hiyo ya ubongo imekatwa kwa upasuaji. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Jambo lililotokea hapa linastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayesomea uhusika. Wagonjwa wa Mathari waligeuzwa vielelezo. Vielelezo vikageuzwa picha ya bara zima. Na picha ya bara zima ikatumiwa kueleza kwa nini watu walionyang'anywa mashamba walikuwa wamekasirika. Dai la ardhi likachorwa kama ugonjwa wa nafsi. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa maradhi ya akili, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha 1961, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina Viumbe Waliolaaniwa. Fanon aliwajibia Waafrika kwa jumla. Waliolala kwenye vitanda vya Mathari, ambao ndio walioanza kuchorwa, wangali wakisubiri kuulizwa.

Kwa hiyo, swali la nani ana haki ya kumchora mgonjwa si swali la adabu tu. Ni swali la mamlaka. Anayemchora mnyonge bila kumsikiliza hujizoesha kuwachora wengine wote kwa namna hiyo hiyo.

Lugha Nayo Huchora

Kabla ya kuwalaumu wachoraji wa Ulaya, inafaa mwanafunzi wa Kiswahili aitazame brashi iliyo mkononi mwake. Nomino kadhaa zinazowataja watu wenye ulemavu huanza kwa kiambishi ki-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi huwaokoa watu hawa, kwa kuwa husemwa 'kipofu huyu amefika' wala si 'kipofu hiki kimefika'. Hata hivyo, umbo la neno lenyewe limeegemea upande wa vitu na wa udogo. Sarufi inampa mtu huyu heshima kwenye kitenzi baada ya kumnyima kwenye jina.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kubadilisha majina, na juhudi hizo zimezaa matunda. Leo husemwa 'mtu mwenye ulemavu', 'mtu mwenye ualbino' badala ya zeruzeru, na 'mtu anayeishi na maradhi ya akili' badala ya kichaa, mwehu au punguani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Ni katiba chache zinazoingia katika uwanja wa msamiati kwa uwazi kiasi hicho, na wanaisimu wa Kiswahili wana kila sababu ya kujivunia kifungu hicho.

Lakini jina jipya kwenye picha ya zamani halibadilishi picha. Mabango ya kuchangisha pesa za harambee huandika 'mtoto mwenye ulemavu' kwa lugha safi kabisa, huku picha iliyo juu ya maneno hayo ikimwonyesha mtoto yule yule wa siku zote: macho makubwa, nguo zilizochakaa, mkono ulionyooshwa kwa mtazamaji. Taarifa za televisheni husema 'mgonjwa wa akili' kwa sauti ya upole, huku kamera ikimfuata mtu asiye na shati barabarani, ambaye hakuulizwa kama angependa nchi nzima imwone hivyo. Katiba imeshughulikia jina analoitwa mtu. Wasanii na waandishi wana kazi ya kushughulikia sura anayopewa.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano ya pande zote mbili. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Matuko Weye, askari wa zamani anayechukuliwa kuwa mwendawazimu, ndiye anayetamka hadharani yale ambayo wenye akili timamu huyanong'ona. Mwandishi amemtendea wema kwa kumpa ukweli. Lakini mhakiki anaweza kuuliza zaidi: je, mwendawazimu katika fasihi huruhusiwa kuwa na kitu kingine chochote mbali na ukweli wa kuwasuta watawala? Je, huruhusiwa kuchoka, kupenda, kukosea, kupika ugali ukaungua? Mhusika mwendawazimu akitumiwa kama kipaza sauti cha mtunzi tu, bado yuko katika kauli ya kutendwa, hata kama maneno aliyopewa ni matamu. Mkabala na hilo, inafaa kukumbukwa kwamba Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mnamo 1858 alikuwa mgonjwa. Msomaji anayeusoma leo hamwoni mgonjwa anayehurumiwa. Anamwona mama anayesema na bintiye, kwa sababu aliyeushika wino ni mgonjwa mwenyewe.

Saa Moja Bila Mchoraji

Je, kuchorana kunawezekana kwa vitendo, au ni ndoto ya wananadharia? Kazi za Riva Lehrer, mchoraji wa Marekani, zinatoa jibu. Lehrer alizaliwa mnamo 1958 akiwa na mgongo wazi, na alipitia upasuaji mara nyingi tangu utotoni. Mnamo 1997, jijini Chicago, alianza msururu wa picha alioupa jina Circle Stories, uliowahusu wasanii, wasomi na wanaharakati wenye ulemavu. Kabla ya kuchora alizungumza na mchorwa kwa kirefu. Wawili hao walitafuta pamoja vitu, mahali na ishara ambazo mchorwa mwenyewe aliona kuwa zinayasimulia maisha yake. Mwili wenye ulemavu haukufichwa, wala haukuwekwa mbele kama bidhaa sokoni. Uliwekwa katikati ya maisha, pale mwili wa kila mtu unapokaa.

Katika kazi zake za baadaye, Lehrer alikwenda mbali zaidi. Mchorwa huja nyumbani kwake, mahali anapofanyia kazi. Baada ya kuchora kwa muda, Lehrer huondoka na kumwachia mgeni nyumba kwa muda wa saa moja. Mgeni ana ruhusa ya kuvipekua vitabu, kufungua kabati na kutazama chochote akitakacho. Sharti ni moja tu: kabla mwenye nyumba hajarudi, mchorwa aiguse picha, aongeze au abadilishe kitu ndani yake. Lehrer hurudi akakuta kazi yake ina mkono wa pili, na kuanzia hapo huendelea kuchora akiwa na alama hiyo.

Utaratibu huu una uzito kuliko unavyoonekana. Kwa kawaida mchorwa ndiye anayehatarisha: huketi, hutazamwa, huachia uso wake mikononi mwa mwingine. Lehrer ameigawa hatari hiyo katikati. Naye anatazamwa, kupitia vitu vyake, akiwa hayupo. Naye anaweza kuharibiwa kazi. Heshima ya kweli kati ya watu wawili haipimwi kwa maneno matamu wanayoambiana. Hupimwa kwa kile ambacho kila mmoja yuko tayari kupoteza mbele ya mwenzake. Picha aliyomchora Alison Bechdel, mwandishi na mchoraji wa vibonzo, sasa imo katika jumba la taifa la picha za watu jijini Washington, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kushirikisha mchorwa hupunguza thamani ya sanaa.

Wapo watakaosema kwamba Lehrer ameweza kwa sababu yeye mwenyewe ana ulemavu. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mchoraji Mark Gilbert, ambaye si mgonjwa, alialikwa na daktari mpasuaji Iain Hutchison kuwachora wagonjwa wa Hospitali ya Royal London ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibiwa na saratani, ajali au maumbile. Baadhi yao walichorwa kabla ya upasuaji, wakati wa matibabu na baada yake. Walikuwa watu waliozoea kukwepa vioo na macho ya wapita njia, na sasa walikubali kutazamwa kwa saa nyingi na mtu mmoja asiyeharakisha. Mnamo 2002 picha hizo zilionyeshwa katika jumba la taifa la picha za watu jijini London, pale zilipo picha za wafalme.

Jijini humo humo, kati ya 2005 na 2007, katika uwanja wa Trafalgar ambao umejaa masanamu ya majemadari, ilisimamishwa sanamu ya marumaru yenye urefu wa mita 3.55. Ilimwonyesha Alison Lapper, msanii aliyezaliwa bila mikono na akiwa na miguu mifupi, akiwa uchi na mjamzito. Mchongaji alikuwa Marc Quinn. Wengine waliisifu, wengine wakaikashifu. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba sanamu hiyo ilibeba jina la Lapper, na kwamba Lapper alikuwepo kuizungumzia. Katika mwaka huo huo wa 2005 alichapisha tawasifu yake. Aliyetaka kujua mwenye sura ile ni nani alikuwa na mahali pa kwenda kusoma, tena kwa maneno ya mwenyewe. Ikilinganishwa na mama wa husuda wa Géricault, hatua iliyopigwa ni kubwa.

Pingamizi Tatu

Hoja ya kuchorana haikosi wapinzani, na ni haki wasikilizwe. Pingamizi la kwanza linahusu uhuru wa msanii. Inasemwa kwamba msanii akimpa mchorwa kauli, kazi itageuka kuwa sifa tupu, kama nyimbo za kuwasifu wakubwa. Jibu ni kwamba ushirika si utiifu. Mchorwa wa Lehrer hapewi brashi ili ajipambe; hupewa ili aseme. Watu wanaoishi na ulemavu wameshachoka na picha za sifa, zile zinazowafanya mashujaa kwa sababu tu wamepanda ngazi au wamepita mtihani. Mara nyingi mchorwa ndiye anayedai ukweli mchungu ambao mchoraji, kwa huruma yake, alitaka kuulainisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu ridhaa ya mtu anayeugua akili. Mtu ambaye leo anasikia sauti zisizosikika na wengine, na ambaye kesho huenda asikumbuke alichokubali jana, atawezaje kushirikiana na mchoraji? Hapa ndipo watu wema wengi hukata tamaa na kurudi katika kauli ya kutendwa. Lakini ugumu wa kuuliza si ruhusa ya kutouliza. Ridhaa ya mtu wa aina hii haiwezi kuwa sahihi moja kwenye karatasi moja. Ni lazima iwe swali linalorudiwa, siku za utulivu na siku za dhoruba, na jibu la 'hapana' liheshimiwe lijapo, hata kama picha imebakiza kope tu ikamilike. Sheria ya Kenya ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mnamo 2022, inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Ikiwa anaaminiwa kuwa na la kusema kuhusu dawa inayoingia mwilini mwake, ni vipi asiaminiwe kuwa na la kusema kuhusu sura yake inayotoka kwenda kwa watu?

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine kabisa. Linasema kwamba ushirika wenyewe unaweza kuwa kiini macho. Mgonjwa aliyeletwa kwa mchoraji na daktari anayemtibu atakataa vipi? Kijana aliyelipiwa karo na wafadhili atakataa vipi kupigwa picha na wafadhili hao? Pingamizi hili halina jibu jepesi, na linaigusa hata kazi ya Gilbert, ambayo ilizaliwa ndani ya hospitali. Linalowezekana ni kulitenganisha waziwazi jambo analolihitaji mtu na picha inayoombwa kwake: ajue, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba akikataa kuchorwa atatibiwa vilevile, atasomeshwa vilevile, atasalimiwa vilevile. Pale ambapo uhakika huo haupo, msanii mwenye dhamiri huiweka brashi chini.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mchango wa mjadala huu katika idara za Kiswahili unaweza kuelezwa kwa mambo manne ya vitendo.

Kwanza, mtafiti wa fasihi simulizi anapokwenda nyanjani huwa amebeba kibali cha NACOSTI na barua ya chuo. Vibali hivyo huiridhisha serikali na chuo, haviwaridhishi waliorekodiwa. Sura ya tasnifu inayomhusu fanani mwenye ulemavu ingepaswa kurudishwa kwake na kusomwa mbele yake kabla ya kuwasilishwa kwa watahini. Asemapo kwamba hakusimulia hivyo, au kwamba upofu wake hauhusiani na hadithi ile, maneno yake yaandikwe ndani ya tasnifu. Hiyo ndiyo saa moja ya Lehrer katika lugha ya utafiti.

Pili, majina. Mwenye kutaka jina lake litajwe litajwe, na mwenye kutaka lifichwe lifichwe. Mazoea ya kumficha kila mgonjwa kwa herufi mbili huitwa ulinzi, na mara nyingi ndivyo yalivyo, lakini yanaweza pia kuirudia dhuluma ya kale ya kuhifadhi maradhi na kumpoteza mtu. Mtambaji hodari hapaswi kunyimwa sifa ya utambaji wake kwa sababu tu aliwahi kulazwa.

Tatu, uhakiki wa wahusika. Imekuwa desturi kumhesabu mhusika kiwete au kipofu kuwa ishara: ulemavu wake unaashiria ufisadi wa jamii, upofu wake unaashiria ujinga wa viongozi. Usomaji huu una manufaa yake, lakini ukitumiwa peke yake humgeuza mtu kuwa msamiati wa shida za watu wengine. Mhakiki aulize pia mhusika huyo anaishije, anataka nini, na angesema nini lau mtunzi angemwachia ukurasa mmoja.

Nne, chama chenyewe. Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha ya ishara ya Kenya na maandishi ya breli. Makongamano ya wanafunzi wa Kiswahili hufanywa kila mara bila mkalimani wa lugha ya ishara, na majarida yake huchapishwa bila nakala hata moja ya breli. Chama kinachojadili taswira ya kiziwi katika tamthilia huku kiziwi mwenyewe hawezi kuufuata mjadala kinachora, hakichorani. Gharama ya mkalimani mmoja kwa siku moja ya kongamano si jambo lisiloweza kuchangwa na wanachama.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba picha ya mtu mwenye ulemavu au mgonjwa wa akili haiwi ya haki kwa sababu ya ustadi wa mchoraji, wala kwa huruma yake, wala kwa usafi wa majina yanayoandikwa chini yake. Géricault alikuwa na ustadi na huruma, lakini wachorwa wake walipotea. Huwa ya haki mchorwa anapoweza kuuliza, kukataa, kuongeza, na kuitwa kwa jina lake akitaka.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kuonya: usimcheke mwenye kilema, kwa kuwa hujui ya kesho. Inaweza pia kusomwa kwa namna nyingine. Kama hakuna aliyekamilika kuumbwa, basi hakuna picha ya mtu iliyokamilika kuchorwa, na hakuna mchoraji mwenye haki ya kuitia sahihi peke yake. Ajabu ni kwamba Kiswahili tayari kina kiambishi cha kulieleza jambo hili, silabi moja tu mwishoni mwa kitenzi. Kilichosalia ni wanaokisema Kiswahili kukitumia kiambishi hicho katika matendo yao.